Mkono Usiosikia Nyuki

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa mjukuu wangu vimepinda, kile kidogo na kile kinachofuata, na mimi ndiye niliyevipinda. Watu wa kwetu wakinisikia nasema hivyo wanadhani uzee umenipanda kichwani. Nisikilize kwanza, halafu utasema mwenyewe.

Shule niliishia darasa la pili. Baba alikuwa mchonga mizinga, akasema mtoto wa kukaa kivulini na kijiti cha chaki hamfai, nikaingia naye porini sikurudi tena darasani. Kusoma nilikuja kujifunza ukubwani, pale Shelui kwenye barabara kubwa, kwa kuangalia maandishi ya kwenye malori. Dereva anakula ugali wake, mimi nazunguka lori lake nasoma herufi moja moja, nikikwama nauliza. Walinicheka mpaka wakachoka. Leo nasoma karatasi yoyote utakayonipa, na hilo la kusoma karatasi ulikumbuke, tutalirudia.

Baba alipokufa aliniachia mizinga mitatu, mmoja una ufa. Kwa mikono hii niliifikisha zaidi ya sitini, imetundikwa kwenye migunga kuanzia nyuma ya kijiji mpaka kule bondeni. Nyumba yangu ina bati, sakafu ya saruji, uani kuna kisima. Hakuna mjomba wala serikali aliyenichangia tofali. Asali yangu kwenye barabara ile kubwa madereva wanaijua kwa rangi, na akitokea mjinga kuniuliza kama nimechanganya sukari, huwa simjibu, nafunga dumu langu.

Sasa nikueleze desturi ya nyumbani kwetu, maana bila hiyo hutaelewa chochote. Mizinga ya ukoo wetu hairithiwi na mkubwa wala na anayelia sana msibani. Mtoto akifika umri wa kutumwa mbali, anapelekwa asubuhi kwenye mzinga ulioshushwa chini, anaweka mkono wa kulia kwenye tundu wanapoingilia nyuki. Mzee anataja majina ya warina asali wote waliotangulia, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akiutoa mkono kabla ya jina la mwisho, hana lake kwenye mizinga. Akiuacha, mizinga ni yake.

Mimi niliuacha. Nilikuwa na miaka kumi na niliuma mdomo mpaka ukatoka damu, lakini niliuacha. Wanangu wa kiume watatu, wote waliutoa. Mmoja alifika jina la pili akakimbia mpaka kwa mama yake. Sikuwapiga. Niliwaambia tu kwamba kila mtu atafute shoka lake, nao wametafuta, wako mijini huko, hawajambo.

Akabaki huyu. Ni mtoto wa binti yangu, aliyeolewa mara ya pili huko Kintinku, na mume mpya hakutaka mtoto wa mwenzake. Basi binti alimleta kwetu akiwa na miaka mitatu, tukamlea mimi na bibi yake. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, mdomo hautulii. Alinifuata kila mahali. Nikichonga gogo, yeye anakusanya vipande. Nikila, anakaa pembeni yangu tunachovya ugali wa uwele kwenye bakuli moja la mlenda. Usiku analala chumba chetu, kwenye mkeka chini ya kitanda changu.

Alipokuwa na miaka saba, bibi yake aliona baka juu ya kiwiko cha mkono wa kulia. Rangi yake ilikuwa imefifia, kama mahali palipomwagikiwa maji ya majivu pakakaukia.

"Hiki ni nini?" aliniuliza.

"Mba," nilisema. "Mtoto anacheza kwenye vumbi, unategemea nini?"

Alimnunulia dawa ya kupaka kwenye duka la dawa. Baka halikuondoka. Alipaka majani, halikuondoka. Halimwashi, halimuumi, mtoto anacheza, basi tukaliacha.

Mwaka uliofuata nikampeleka kwenye mzinga. Bibi yake alisema kwanza huyo ni mtoto wa kike, pili bado mdogo. Nilimwambia sheria yetu haijataja suruali wala sketi. Asubuhi hiyo aliweka mkono kwenye tundu, nikaanza kutaja majina. Nyuki walitoka, wakautambaa ule mkono, wakauchoma. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Sikuona kitu. Hakukunja hata jicho. Nikataja majina polepole zaidi, kwa makusudi, maana nilikuwa siamini. Baba, babu, baba wa babu. Mtoto ananitazama tu, anasubiri nimalize, kama anayesubiri uji upoe.

Nilipomaliza nilimvuta, nikaing'oa miiba kwa ukucha. Ilikuwa saba, yote kwenye kiganja upande wa nje na kwenye vile vidole viwili.

"Umesikia maumivu?" nikamuuliza.

"Hapana, babu. Wananitekenya tu."

Nilimbeba begani mpaka nyumbani. Mimi, mtu ambaye wanangu hawakumbuki kubebwa. Bibi yake aliuona mkono umevimba kama andazi, akaanza kunung'unika.

"Mtoto kavimba hivi na wewe unachekelea?"

"Muulize mwenyewe kama unauma."

"Hauumi, bibi," mtoto alisema, na akanitazama mimi.

Tangu siku ile nilikuwa kama niliyezaliwa upya. Nilichinja jogoo. Niliwaambia majirani mizinga imepata mwenyewe. Nikienda naye kurina, yeye ndiye anashika kinga cha moto, anapuliza moshi, na mkono wake wa kulia unaingia mahali ambapo wanaume wazima wanaingiza kwa matambara. Siku moja jikoni aliepua chungu cha moto kwa mkono mtupu, bibi yake akapiga yowe kwa lengelenge alilolikuta kwenye kidole. Mimi nikacheka. Nilisema huyu ni chuma, amechukua kwangu.

Maana na mimi, miaka ya karibuni, nyuki walikuwa hawaniumi. Nilidhani mwili umekomaa. Mtu akifanya kazi moja miaka hamsini, ngozi inakuwa gome. Ndivyo nilivyowaeleza watu, nao walikubali, maana baba yangu pia alikuwa hivyo hivyo, mpaka uzeeni vidole vyake vilipokuwa vifupi. Tuliambiwa mzinga ulimwangukia.

Sifa za mjukuu wangu nilizipeleka mpaka Shelui. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la vitunguu, mteja wangu wa muda mrefu, mtu wa masihara. Nilipomaliza kumsimulia, aliacha kutafuna.

"Mzee, mtoto asiyelia akiumwa na nyuki si shujaa. Huyo mpeleke akapimwe."

"Wewe umezoea watoto wa mjini wanaolia wakiona panzi."

"Mimi nimesema. Hata injini isiyopata moto ina ubovu wake."

Nilikataa kumuuzia asali siku ile. Aliondoka anacheka, mimi nikabaki na hasira na dumu langu. Yule dereva alikuwa amemaliza kazi ya daktari bila kushuka kwenye kiti, nami nikamtukana kimoyomoyo njia nzima.

Mtoto alipofika miaka kumi, mwalimu wake alianza kulalamika. Anaangusha penseli. Maandishi yanalala. Aliniandikia kikaratasi kwamba mtoto amekuwa mvivu. Nilimuuliza mtoto, akasema vidole vinachoka. Niliona kile kidogo kimeanza kujikunja kuelekea kiganjani, nikafikiri ni kushika kinga cha moto.

Mwezi wa tano, msimu wa kurina ulipokuwa unaanza, alikuja shuleni muuguzi wa kukagua ngozi za watoto. Msichana mdogo, amekuja kwa pikipiki, viatu vimejaa vumbi. Wazazi wa watoto wachache tuliitwa. Nilimkuta amekaa na mjukuu wangu ndani ya darasa tupu, madirisha yako wazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimeitwa."

"Karibu ukae."

"Nitasimama."

Hakunilazimisha. Alinionyesha lile baka, akauliza lilianza lini. Nikamwambia ni mba, ni ya siku nyingi.

"Mba ina ungaunga, babu, na mara nyingine inawasha. Hili halina lolote. Hebu tazama."

Alichukua pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba. Akamwambia mtoto afumbe macho, na kila atakapoguswa aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Alimgusa shavu, mtoto akaonyesha shavu. Alimgusa mkono wa kushoto, akaonyesha palepale. Akaigusisha pamba kwenye baka. Mtoto kimya. Akamgusa kidole kidogo cha mkono wa kulia, akamgusa na cha pili, akarudia, akakandamiza kwa ncha ya kalamu. Mtoto amekaa wima, macho yamefumbwa, kidole cha kushoto kiko tayari kuonyesha.

Halafu akauliza, "Dada, mbona hunigusi?"

Kalamu ilikuwa bado imekandamiza kidole chake.

Muuguzi alimwambia afumbue macho aende akacheze. Alipotoka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Babu, huu ni ukoma."

"Kwenye ukoo wangu hakuna mkoma."

"Sijasema ukoo. Ni vijidudu, kama vya kifua kikuu. Si laana, si mkosi. Dawa ipo na hailipiwi. Ila mshipa wa fahamu wa mkono huu umeanza kufa. Vidole vinaweza kuokolewa akiwahi. Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, usipitishe. Na ninyi wote mnaoishi naye muende mkapimwe."

Aliandika karatasi, akanipa. Nikaikunja nikaiweka mfuko wa shati.

Sasa nimefika mahali ninapoona aibu kupasimulia. Ile karatasi niliisoma. Nilikaa kwenye gogo nje ya kijiji, nikaisoma herufi moja moja kama nilivyosoma malori, na neno ukoma nililiona, halina herufi nyingi. Bibi yake hajui kusoma. Aliponiuliza shuleni wamesemaje, nilimwambia mtoto ana upungufu wa damu, apewe mboga za majani. Alimpikia mchicha kila siku. Kila siku, na mimi nakula mchicha huo huo nikimtazama.

Nilijiambia nitamaliza msimu kwanza. Asali haingoji. Na nilikuwa na woga mwingine niliouita akili: neno lile likifika barabarani, nani atanunua asali iliyorinwa na mkono wa mkoma? Miaka hamsini ya jina langu ingeisha siku moja. Kwa hiyo nilirina. Wiki baada ya wiki, mzinga baada ya mzinga, na yeye mbele yangu na kinga cha moto. Wiki tisa. Mara mbili nilimkuta na kidonda kwenye vile vidole na hajui kimetoka wapi.

Tulipomaliza mzinga wa mwisho nilirudi nyumbani mapema nikamkuta uani anaandika kazi ya shule. Alikuwa amekata kipande cha mpira wa baiskeli, akaifunga penseli kwenye mkono kwa kutumia meno. Vidole viwili vimelala kiganjani, havinyooki. Anaandika kwa kusukuma bega.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mimi mwenyewe, babu. Hivi haianguki."

Niliingia ndani nikaitoa karatasi kwenye shati lililokuwa limening'inia. Kesho yake tulikwenda, wote watatu.

Daktari alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza, anaongea kama anayehesabu maneno. Aliushika mkono wa mtoto nyuma ya kiwiko, akaniita nishike na mimi. Mshipa ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Alimwambia mtoto anyooshe vidole. Vitatu vilinyooka. Vile viwili vilitetemeka vikabaki palepale.

Kisha akaifungua karatasi. Aliitazama tarehe. Akaitazama tena.

"Mzee, hii mmepewa tangu mwezi wa tano."

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa narina."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alimgeukia bibi yake kana kwamba mimi nimetoka nje, akamweleza: dawa ya kuua vijidudu itamponya, mwaka mzima anakunywa, hilo hana wasiwasi nalo. Atampa na dawa nyingine ya kutuliza mshipa. Lakini mshipa una muda wake, na huu umekaa sana. Atajaribu, lakini hamwahidi.

Bibi yake alinitazama. "Karatasi ilisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe uliisoma."

"Niliisoma."

Alishika kona ya kanga yake akawa anaizungusha kwenye kidole.

Daktari akasema, "Sasa mzee, vua shati."

Nikamwambia mimi ni mzima, nimekuja na mgonjwa. Akarudia kwa sauti ile ile. Nikavua. Alinishika masikio, akayaminya kwenye ndewe. Alinipitisha pamba mgongoni, mikononi, miguuni. Nilifumba macho kama mtoto wa shule. Nilisubiri aanze. Niliposikia ameweka kibano mezani, nikafumbua, nikaona juu ya karatasi nyeupe kuna mwiba wa mgunga, mrefu, mweusi, wenye usaha kwenye ncha.

"Ulikuwa kwenye unyayo wako," alisema. "Umekaa siku kadhaa. Mzee, wewe unao. Na wako ni wa miaka mingi."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi anabembeza miguu. Aliutazama ule mwiba, akanitazama mimi, nikaona jambo linajipanga kichwani mwake, maana ana akili huyo.

"Kwa hiyo, babu, ndiyo maana na wewe nyuki hawakuumi?"

Daktari aliuliza kama mtoto analala chumba kimoja na mimi, na tangu lini. Bibi yake akamjibu. Nikamuuliza daktari waziwazi kama ni mimi niliyempa. Alisema hakuna kipimo cha kuapa hilo, ila kwa kawaida wa zamani ndiye huanza, na mtoto huupata kwa mtu wa karibu anayeishi naye bila dawa. Nikawaza vidole vya baba. Nikawaza mzinga ambao hakuna mtu aliyewahi kunionyesha, ule uliomwangukia. Nikawaza majina yote yale niliyokuwa nayataja taratibu asubuhi ile, nikiyarefusha, na wangapi kati yao nao walikuwa hawasikii.

Bibi alikutwa mzima, akapewa vidonge vya kumkinga vya mara moja. Tukapanda basi kurudi. Alimweka mtoto upande wa dirishani, akakaa katikati yetu.

Basi tulianza dawa, mimi na yeye, mwaka mmoja. Vidonge vinakuja kwenye pakiti, zake ndogo, zangu kubwa. Siku ya kwanza ya mwezi, kwa dawa yake kali, mkojo unakuwa mwekundu. Mara ya kwanza alitoka chooni anakimbia, akadhani anakufa, nikamwambia hata wangu uko hivyo. Akacheka. Ngozi zetu zikawa nyeusi kwa dawa hizo, nyeusi ya kuonekana. Shuleni wakamwita masizi. Wengine walihama dawati lake, wazazi wao ndio waliowatuma. Mwalimu aliyemwita mvivu alihamia yeye kwenye lile dawati, siku tatu nzima alifundisha akiwa amekaa pale pembeni yake. Hilo nitamkumbukia.

Mimi nilikwenda Shelui mwenyewe. Sikutaka neno linitangulie. Nilisimama penye malori nikasema nina ukoma, nakunywa dawa, daktari amesema sasa siambukizi, asali ni ile ile, anayetaka anunue. Wengine walipandisha vioo. Yule wa vitunguu alishuka, akachukua dumu zima, na hakunikumbusha maneno yake. Kwa hilo pia nilimchukia kidogo.

Kila jioni kabla ya chakula tulikuwa tunaloweka mikono na miguu kwenye beseni, kisha tunapaka mafuta ya alizeti, kisha tunatazamana. Muuguzi wa zahanati ndiye alitufundisha: mahali pasiposikia, jicho ndilo linafanya kazi. Yeye anatazama nyayo zangu, mimi natazama vidole vyake. Jioni moja alikuwa amekishika kisigino changu, anakigeuza kwenye mwanga, akasema bila kuniangalia:

"Babu, ule mkono mwingine ulikuwa unauma sana."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Tukirina. Nyuki wakinichoma wa kushoto, ulikuwa unauma. Nilikuwa naufichia mgongoni."

"Mbona hukusema?"

Alifikiri. "Ulikuwa unacheka."

Bibi yake alikuwa anapepeta mtama pale mlangoni. Ungo ulisimama. Halafu ukaendelea.

Mwaka ulipoisha tulirudi kwa daktari. Njiani mtoto alikuwa ananionyesha jinsi anavyoweza kusukuma vile vidole kwa mkono mwingine mpaka vinyooke, na kweli vilinyooka, lakini akiviachia vinarudi. Kila asubuhi alikuwa amefanya mazoezi aliyopewa. Kila asubuhi, nilimwona. Mimi nilikuwa na tumaini langu, silikatai. Sijawahi kuomba kitu kwa mtu, lakini mwezi ule niliomba.

Daktari alituambia tumepona, wote wawili. Vijidudu vimekwisha, hatuna tena cha kumpa mtu. Aliandika kwenye kadi zetu. Kisha akachukua pamba.

Mtoto alifumba macho. Shavu, akaonyesha. Mkono wa kushoto, akaonyesha. Daktari akahamia kulia. Akagusa kidole kidogo.

"Hapa," mtoto alisema haraka, akaonyesha kidole cha pete.

Akagusa cha pete.

"Hapa," akaonyesha kiganja.

Daktari akainua pamba, hakumgusa kabisa, akasubiri.

"Hapa," mtoto alisema, akaonyesha kidole kidogo, na akatabasamu upande niliokuwa nimekaa.

Ndipo nilipoelewa kwamba anatafuta. Anakisia, mtoto wa watu, kama anayetafuta mlango gizani, ili babu yake asiende nyumbani mikono mitupu. Alikuwa amekaa vile vile alivyokaa asubuhi ile ya mzinga, mgongo wima, anasubiri nimalize majina.

"Acha," nikasema. "Fumbua macho."

Akafumbua.

"Sema kweli. Umesikia?"

Alimtazama daktari, akanitazama mimi.

"Sijasikia, babu."

"Sawa. Umesema vizuri."

Akalia. Ni mara ya kwanza kumwona analia mbele yangu tangu aletwe. Nilimwacha alie, sikumwambia nyamaza, sikumwambia watoto wa kwetu hawalii. Daktari aliandika, akasema mkono hautazidi kuharibika tukiutunza, lakini pale ulipofika ndipo pake. Kuna upasuaji, siku moja akikua, wa kunyoosha vidole. Kusikia hakurudi.

Bibi yake alikuwa anatusubiri nje kwenye benchi. Alimtazama mtoto machoni, akafungua mfuko akampa andazi. Tukaanza kutembea kuelekea stendi, bibi mbele, sisi nyuma. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Akaniuliza mizinga sasa itakuwa ya nani.

"Ya kwako," nilisema. "Ila pale kwenye tundu hataweka mtoto mkono tena. Si wakati wangu wala wakati wako."

"Na nikitaka kurina?"

"Utavaa glovu. Mikono yote miwili."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Alitembea kidogo. "Tutaonekana kama mafundi wa umeme," akasema, nami nikacheka, kisha nikajikumbuka nikanyamaza, nikamtazama kama kuna mahali panamuuma.

Hapo ndipo macho yangu yaliposhuka nikaona amenishika mkono. Kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, ameushika wangu wa kulia, ameukaza kwa vidole vyote vitano. Sijui alinishika tangu wapi.